Mkamwana Wangu Aliponiita kwa Jina

Nyumbani kwetu, baina ya Gazi na Msambweni, kuna watoto tisa na mwalimu mmoja, na mwalimu huyo ndiye mama yao. Mimi ni bibi yao, mzaa baba. Majina yao yote ninayo kichwani, na ya waliowatangulia pia, mpaka ya watoto wa binamu zangu walioolewa Vanga: nani alizaliwa siku ya mvua kubwa, nani alizaliwa watu wakifuturu. Lakini hapa sitaandika hata moja. Kwetu jina la mtu halirushwi ovyo kama kokwa la embe.

Masomo haya ya nyumbani hayakuanza kwa kushindana na mtu. Mjukuu wangu wa kwanza, mtoto wa kike, alizaliwa na pumu. Kila alipotaka kuanzishwa shule, vumbi kidogo tu, kifua kinabana, tunakimbia naye hospitali. Mama yake, kabla hajaolewa, alikuwa akifundisha watoto wadogo kule Ukunda. Akaniambia, "Mama, huyu nitamsomesha mwenyewe hapa ukumbini mpaka kifua kitulie." Kifua kilichukua miaka kutulia. Na kilipotulia, wa pili alikuwa ameshakaa karibu na dada yake akisoma naye, wa tatu yuko nyuma ya wa pili, na wa nne analia anataka penseli. Basi ndiyo ikawa hiyo. Kila aliyezaliwa alizaliwa darasani.

Huyo wa kwanza ana jina langu. Ni desturi, mtoto wa kike wa kwanza hurithi jina la mama wa baba yake, yaani langu mimi. Mimi namwita Somo, yaani wa jina langu. Baba yake humwita Mama, kwa kuwa ana jina la mama yake. Mama yake humwita Bibi Mdogo, na wadogo zake humwita Dada. Jina lenyewe hakuna aliyelitaja, maana mke wa watu hatamki jina la mama mkwe wake, awe anamwita mkwe au anamwita mtoto. Hata kliniki, muuguzi akiita jina la kwenye kadi, mkamwana wangu alikuwa akiinuka kimya na mtoto wake begani. Naye mtoto alijua kwamba ana jina langu vile mtu anavyojua kwamba ana figo. Lipo, lakini halimhusu kila siku.

Sasa niwaeleze siku zetu. Baada ya swala ya alfajiri watoto ni wangu. Shule ya serikali niliiacha darasa la pili, ila chuoni, kwa Qurani, nilikhitimu, na ya watoto hawa nimeisomesha mimi, mmoja baada ya mmoja, tangu alifu mpaka wakakhitimu juzuu. Jua likichomoza wanakunywa chai na mihogo ya kuchemsha, wanafagia ua, kisha mama yao anapiga makofi, na hapo yeye si mama tena. Mtoto akimwita "Mama" wakati wa masomo hageuki. Mpaka aseme "Mwalimu". Yule wa tatu, ambaye ulimi wake una pilipili, alimuuliza siku moja, "Mwalimu, nikitaka kumshtaki Mama yangu, nakuja kwako?" Wakacheka mpaka masomo yakavunjika.

Nyumba ina sheria moja: ukishajua kitu, unamfundisha anayekufuata. Usipoweza kumfundisha, basi hukukijua. Kwa hiyo asubuhi utakuta ukumbi mzima unanguruma kama mzinga, Somo anamfundisha wa pili, wa pili anamfundisha wa tatu, na mapacha wanagombana nani kati yao alitangulia kuzaliwa ili awe mwalimu wa mwenzake. Mimi ndiye niliyewapokea, najua. Nimekataa kusema.

Hesabu za sehemu walijifunzia mkate wa sinia. Mama yao aliuweka mbele yao ukinukia iliki, akasema kila mtoto ataje sehemu anayoitaka, nusu haimo. Pacha mmoja akawahi: "Mimi thumni!" Aliona nane ni kubwa kuliko nne, basi thumni itakuwa kubwa kuliko robo. Alikatiwa kipande chembamba kama ulimi wa paka, na hakuongezwa. Nilimhurumia, nikataka kumpa changu, mama yake akanitazama tu. Lakini mtoto yule hajaikosea hesabu ile tena maishani mwake.

Siku za maji ya bahari kutoka sana huwa hawakai ndani. Huenda na kina mama wa kikundi chetu cha kupanda mikoko, kwenye vitalu, wajaze matope kwenye vifuko, wapime miche imerefuka kiasi gani, waandike. Wanajua mkoko, mchu, mlilana na mkandaa kwa jani na kwa mzizi. Mchana ni zamu yangu tena. Nawafundisha kusuka ukili wa mikeka, wavulana na wasichana, sibagui. Kizungu walikipata kwa baba yao siku zake za mapumziko. Yeye ni askari wa lango katika hoteli moja Diani, kwa hiyo Kizungu chao nacho kilikuwa cha langoni. Jioni ungewasikia wanawakaribisha kuku bandani kwa adabu kubwa, wanawauliza kama safari ilikuwa njema na kama mizigo yao imefika.

Nasema ukweli, nilimshukuru Mungu kwa mkamwana yule kila siku. Mimi katika utoto wangu nilikuwa nikisikia watoto wa wenzetu wakisoma kwa sauti dirishani nami nimebeba kuni. Uzeeni nikaletewa dirisha lote ndani ya nyumba yangu.

Lakini si kila mtu alifurahi. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo sasa, alikuwa akipita asubuhi akielekea shambani anasimama uani.

"Hamjambo shule ya sufuria?"

"Hatujambo babu, shikamoo!" watoto wote kwa pamoja.

"Marahaba. Leo mnasoma nini, kuunga mchuzi au kusonga ugali?"

"Leo tunasoma wanyama wanaotembea bila kazi, babu," akajibu yule mwenye pilipili. Shemeji akacheka, lakini akiondoka alinivuta kando. "Shemeji, utani utani, watoto hawa wataachwa na wenzao. Mambo ya leo yanataka watu waliopimwa. Nani amewapima hawa?"

Neno hilo nilimfikishia mwanangu, likamwingia. Somo alikuwa ameshafikia umri wa darasa la sita, na kweli hakuna mtu wa nje aliyewahi kumpima. Akaenda kwenye shule moja upande wa Msambweni, akazungumza nao. Wakamwambia, "Mlete, tutampima. Akifaulu, tutamwandikisha afanyie mtihani wake hapa kwetu, aendelee kusoma kwenu. Asipofaulu, aje darasani, na atarudishwa nyuma."

Mwanangu aliporudi alituketisha mimi na mkewe. Akasema, "Mama, na wewe mama watoto, litakalokuwa kwa huyu mkubwa ndilo litakalokuwa kwa wote. Akifaulu, yeyote asituguse. Asipofaulu, muhula ujao wote wanakwenda shule, na masomo ya hapa yamekwisha. Siwezi kuchezea watoto tisa."

Mkamwana wangu aliinamisha kichwa, akasema, "Sawa." Lakini tangu siku ile nilimwona akipika huku midomo inacheza, akijiuliza maswali na kujijibu.

Siku ilipofika tulikwenda na tuktuk: mama mtu, Somo, kitindamimba amelala mapajani mwa mama yake, na mimi. Mimi sikuitwa, nilijipeleka. Somo alivaa buibui jipya, na dawa yake ya kuvuta ya pumu ilikuwa kwenye mfuko wangu. Tukakaa kwenye benchi la barazani pamoja na watoto wengine waliokuja kupimwa, wengi wao wanahamia kutoka shule nyingine. Kitindamimba akachafua nguo. Mama yake akasema, "Nakwenda mara moja kumsafisha, msiondoke hapo," akaenda uani.

Hajapinda kona, mlango ukafunguliwa. Akatoka mwalimu, mwanamke wa bara, kijana, ameshika karatasi. Anaita jina la kwanza la mtoto, mtoto anaingia. Anaita, anaingia. Mara nikasikia jina langu.

"Labeka!" Nikainuka.

Nyie mnacheka, lakini fikirini. Tangu nizaliwe, likiitwa jina lile ni mimi. Mama yangu aliliita, shangazi zangu waliliita, kwenye kikundi cha mikoko linaitwa mpaka leo. Ulimi haukuningoja.

Mwalimu akanitazama, akaniita bibi kwa neno la kwao bara. "Shosho, kaa tu. Tunaita watoto."

"Si umeniita?"

"Sijakuita wewe." Akaliita tena.

"Ndiyo mimi huyu, mwalimu. Niko hapa."

Watoto wa benchi wakaangua kicheko. Mwalimu akatikisa kichwa, akaita mara ya tatu, akitazama juu ya kilemba changu kama vile mtu huyo yuko nyuma yangu. Somo alikuwa ameketi ametulia, mikono mapajani. Akanivuta nguo, akaninong'oneza, "Bibi, keti. Labda wana mwingine wa jina lako."

Nikaona ni kweli, majina hufanana. Nikaketi. Mwalimu akaandika kitu kwenye karatasi, akaita waliobaki, wakaingia, mlango ukafungwa. Tukabaki mimi na mjukuu wangu benchi zima letu.

Mkamwana wangu akarudi na kitindamimba amebadilishwa. Akatazama benchi.

"Wenzenu wako wapi?"

"Wameshaingia."

"Na nyinyi? Hamkuitwa?"

"Niliitwa mimi," nikamwambia. "Jina langu lile lile. Nikaitika, yule mwalimu akaniambia nikae. Nadhani kuna mtu mwingine wamenichanganya naye."

Nilimwona uso ukimbadilika. Akamtazama mtoto. "Bibi Mdogo, wewe hukuitika?"

"Aliitwa Bibi," Somo akasema. "Niitikie vipi mtu mzima akiitwa?"

Hapo ndipo na mimi liliponishukia. Mtoto anajua thumni na robo, anajua mito ya dunia, amesoma vitabu vyote vya nyumbani mara mbilimbili, na hajawahi hata siku moja kuitwa kwa jina lake akaitika.

Mkamwana wangu akagonga mlango. Mwalimu yule akatoka, akauvuta nyuma yake ili asisumbue walio ndani.

"Samahani mwalimu, mtoto wangu yuko hapa, hakuingia."

"Anaitwa nani?"

Mkamwana wangu akamhamisha kitindamimba kiuno cha pili.

"Mama, nakuuliza, mtoto wako anaitwa nani?"

Mkamwana wangu alinitazama, kisha akatazama sakafu. Mimi nikataka kumsaidia, nikasema, "Mwalimu, mtoto huyu ni somo yangu..."

"Shosho, ngoja kidogo, naongea na mama ya mtoto." Akamgeukia. "Kuna mmoja hapa nimeita mara tatu na hakuna mtu ameitika, nimemwandika hayupo. Kama ndiye huyu, inamaanisha mtoto hajui jina lake. Na wewe pia nikikuuliza unaninyamazia. Sasa huko nyumbani huwa mnafundisha nini?"

Swali lile lilimpiga. Niliona machozi yanakuja, nikajua anachokiona. Anaona ukumbi umefagiwa hauna mtu, watoto wote tisa wamekwenda, makofi hakuna wa kuyapigia. Na jawabu lote lilikuwa neno moja tu, tena neno hilo nimelikalia mimi.

Nikamshika kiwiko. "Mwanangu," nikamwambia, "niite."

"Mama, siwezi."

"Nimekupa idhini. Nina uzima wangu na akili zangu, nimekupa mbele ya mwalimu huyu. Niite kwa jina langu."

Alimweka kitindamimba chini. Akavua kandambili zake, akasimama miguu mitupu juu ya saruji, akainama kidogo kama anayenipa maji ya kunawa. Akalitamka. Taratibu, silabi kwa silabi, kama mtu anayeshusha chungu cha moto asikivunje. Katika miaka yote aliyoishi nyumbani kwangu sikuwahi kulisikia jina langu kinywani mwake, na sikujua kwamba lingekuwa zuri hivyo.

Mimi nikauma ulimi nisiitike.

Kisha akamgeukia binti yake, akaliita tena, safari hii kwa nguvu, kwa sauti ya mwalimu.

Somo akanitazama kwanza. Nikamwashiria kwa kidevu. "Labeka," akasema, akainuka.

Mwalimu wa bara alitutazama sisi watatu, na miguu mitupu na machozi ya mkamwana wangu. Sidhani kama alielewa. Lakini alikuwa mtu wa watu, Mungu amlipe. Akamfungulia mlango, akasema, "Ingia haraka, wenzako hawajafika mbali." Tena akanigeukia: "Na wewe shosho, ukisikia jina lako humo ndani, usiitike."

Tuliketi pale mpaka jua likahama upande. Mimi nilisoma nyuradi zangu zote, nikamaliza, nikaanza upya.

Matokeo mwanangu aliyafuata mwenyewe siku yake ya mapumziko. Alirudi, akakuta shemeji ameshafika, ameketi ukumbini na kikombe chake cha kahawa. Watoto wote walikuwa wamejipanga ukutani, hata kitindamimba asiyejua kinachongojewa. Mkamwana wangu alikuwa jikoni, hakutoka, lakini kinu kilikuwa kimenyamaza.

"Amefaulu," mwanangu akasema. "Hesabu amewapita wote waliopimwa naye. Insha yake ya kupanda mikoko walimu wamesomeana. Kizungu ndicho kimemwangusha kidogo. Wamesema ni cha adabu sana, lakini ni kifupi."

"Hilo kosa lako," nikamwambia mwanangu. "Mtoto anajua kukaribisha wageni, hajui kuwaaga."

Wakacheka. Kinu kikaanza tena jikoni, kwa pigo moja kubwa. Shemeji alisubiri kicheko kiishe. Akasema, "Alhamdulillahi, mimi nimekubali. Lakini habari imenifikia kwamba mtoto aliitwa jina akaitika nyanya yake. Mwanangu, mtoto asiyejua kuitikia jina lake ataishi vipi kwa watu?"

Nami nilijua hilo si kejeli, ni haki yake kusema.

Mwanangu akafikiri. Akasema, "Masomo yanaendelea hapa hapa, kwa wote, na maneno yamekwisha. Ila kuanzia leo kila mtoto aitwe kwa jina lake wakati wa masomo. Nje ya masomo, kila mtu amwite atakavyo."

Asubuhi iliyofuata mkamwana wangu alipiga makofi kama kawaida, akaanza kuwaita. Somo akaitika vizuri, mimi nikiwa kwenye mkeka wangu nimejifunga mdomo. Wengi wao walikuwa wepesi, wana majina ya upande wa mama yao au majina ya mitume. Alipofika kwa yule wa sita alisimama. Huyo tunamwita Babu. Ana jina la mume wangu, na jina la baba mkwe nalo mke wa watu halitamki.

Mimi niko hai, idhini yangu ninaweza kuitoa. Marehemu hawezi. Mkamwana wangu alinitazama akiwa amekwama, na watoto wote wakanigeukia. "Bibi," akasema yule mwenye pilipili, "wewe si unajua majina ya watu wote? Liseme wewe."

Najua majina ya watu wote. Lakini mwanamke hamwiti mumewe kwa jina, na mimi sikuwahi. Nilimwita Bwana, nikamwita baba wa mwanangu, nikimtafuta nje nilibisha kwa kikohozi naye akajua ni mimi. Tuliishi hivyo mpaka nikamfumba macho. Jina lake lilikuwa kichwani mwangu kama mengine yote, ila halikuwahi kupita kinywani.

Nikamwambia mtoto asogee. Akaja, magoti yana matope ya kitaluni, akasimama mbele ya mkeka. Nikakohoa kwanza, sijui kwa nini. Kisha nikaliita.

Mtoto akangoja, akidhani kuna zaidi. "Ni la nani, Bibi?"

"Lako."

Akalitamka mwenyewe, kwa sauti ndogo, akilijaribu. Akalitamka tena. "Zuri," akasema. "Niite tena niitike."

Nikamwita tena, naye akaitika, "Naam."